Motokaa Ipandayo Lori: Safari ya Kutoka Boston Mpaka Seattle



Barabara ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi ina urefu wa kilomita zipatazo 480. Mtu aliyewahi kuipita juu ya lori la mizigo, akalala Mtito Andei na kufika Athi River akiwa na vumbi masikioni, ajua jinsi safari ile ichoshavyo. Basi na afikiri barabara iliyo ndefu mara kumi kuliko hiyo. Huko Marekani iko barabara ya namna hiyo, nayo huitwa kwa namba tu, namba 90. Yaanza Boston, katika pwani ya mashariki, na kuishia Seattle, upande wa magharibi wa nchi. Urefu wake ni maili 3,020, yaani karibu kilomita 4,860, nayo hupita katika majimbo 13. Katika barabara kuu zote zilizojengwa kwa sheria ya mwaka 1956 ya nchi ile, hakuna iliyo ndefu kuliko hii.

Watu wengi waliozaliwa Kenya wamekwenda kusoma na kufanya kazi Marekani, na si haba walio katika mji wa Lowell, ulio mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Boston. Wengine wako Seattle na vitongoji vyake. Huko ni shida kuishi bila motokaa, kwa kuwa katika miji mingi mabasi ni machache na kazini ni mbali na nyumbani. Mtu ahamapo, motokaa yake ndiyo mali kubwa kuliko zote alizo nazo, na pengine deni lake benki bado halijakwisha. Ndiyo sababu jambo hili lastahili kuelezwa hata kwa mzee aliye Nyeri au Kisii ambaye hataiona Boston maisha yake yote. Mwana apotezapo dola elfu mbili mikononi mwa tapeli, mara nyingi ni karo ya mdogo wake iliyopotea.

Ichukuliwe kwamba yuko kijana mmoja, muuguzi wa wagonjwa, aliyekaa Lowell miaka sita. Amepata kazi yenye mshahara bora katika hospitali moja ya Seattle, naye atakiwa kazini Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Februari. Ana mke na mtoto mchanga. Akitaka kuendesha motokaa mwenyewe, itampasa kukaa kwenye usukani siku tano au sita, kulipia petroli na vyumba vya kulala, na kuvuka milima yenye theluji na barafu wakati wa baridi kali, mtoto akilia nyuma. Akiiuza Lowell na kununua nyingine Seattle, atapata hasara mara mbili. Imebaki njia moja, yaani yeye na jamaa yake waende kwa ndege, na motokaa ipandishwe juu ya lori.

Wengine watauliza kwa nini asiipeleke kwa gari la moshi. Reli za Marekani hubeba motokaa mpya nyingi mno kutoka viwandani, lakini treni ya abiria ichukuayo watu pamoja na motokaa zao ni moja tu, nayo haifiki Boston wala Seattle. Treni hiyo hutoka Lorton katika jimbo la Virginia mpaka Sanford katika jimbo la Florida, mwendo wa kilomita 1,376 hivi. Shirika la reli la Amtrak limeiendesha tangu mwaka 1983. Wazee wakimbiao baridi ya kaskazini huipenda sana, lakini kwa muuguzi huyu haina faida.

Basi kijana hufungua simu yake, hutafuta katika intaneti, na kuandika jina lake, namba yake na aina ya motokaa yake ili aulize bei. Chai yake haijapoa bado simu yaanza kulia, wala haikomi kwa siku tatu. Wale wampigiao, karibu wote, si wenye malori. Ni madalali.

Dalali si mwizi kwa sababu ni dalali, na kazi yake ni halali kwa sheria za nchi ile. Wenye malori wengi wana lori moja au mawili tu, na pengine tajiri mwenyewe ndiye dereva. Mtu aliye kwenye usukani tangu alfajiri hawezi kupiga simu kutafuta mizigo. Dalali humtafutia. Huandika habari za motokaa katika ubao wa matangazo ulio ndani ya mtandao, kwamba iko Lowell, yaenda Seattle, yaweza kutembea yenyewe au la, na mchukuzi atalipwa kiasi gani. Jioni, mwenye lori aliye na nafasi moja tupu husoma ubao ule na kuchagua mzigo ulio katika njia yake na ulipao vizuri.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na yafaa pafikiriwe kwa makini. Tuseme, kwa mfano tu, dalali wa kwanza ataka dola 1,100, wa pili 1,700, na wa tatu 1,750. Mgeni hufurahi, humchagua wa kwanza, naye hudhani ameokoa dola 600. Hajui ya kuwa dalali yule hana lori hata moja, na kwamba bei aliyoitaja ni maneno matupu mpaka apatikane mwenye lori wa kuikubali. Ubaoni, motokaa yenye malipo madogo huachwa, maana hakuna dereva atakayevuka majimbo 13 kwa hasara ilhali mizigo ya bei nzuri ipo. Siku zapita. Siku ya ndege yakaribia. Ndipo dalali apiga simu na kusema kwa sauti ya huruma kwamba bei zimepanda, petroli imepanda, theluji imeanguka, na kama Bwana ataongeza dola 700 lori litapatikana kesho. Mtu aliyekwisha kukabidhi nyumba na kununua tiketi za ndege hana nguvu ya kubishana, hulipa. Kwa hiyo aliyechagua bei ndogo hulipa kubwa kuliko zote, na motokaa yake huchelewa juu yake. Bei iliyo chini mno ya nyingine zote si rahisi. Ni chambo.

Yuko mwingine mbaya kuliko huyo. Dalali mwenye bei ya uongo angalau yupo, lakini tapeli hayupo kabisa. Hutengeneza ukurasa mzuri wenye picha za malori yanayong'aa, huiba jina na namba ya kampani ya kweli, kisha hutaka alipwe pesa zote mbele kwa njia ya simu au benki isiyoweza kurudishwa. Akishalipwa, simu yake haishikwi tena. Wengine wamezidi hapo. Huja na lori kweli, huichukua motokaa kwa jina la mchukuzi mwingine, na mwenyewe haioni tena.

Dawa yake ipo, nayo haigharimu senti. Serikali ya Marekani ina idara isimamiayo malori yavukayo mipaka ya majimbo, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2000, na kwa kifupi huitwa FMCSA. Mchukuzi na dalali wa kazi hiyo hupaswa kuandikishwa hapo, na daftari lake li wazi kwa kila mtu mwenye simu. Kijana wetu huuliza jina kamili la kampani na namba yake, kisha huangalia mwenyewe kama kibali chake ni kizima. Tangu Oktoba 2013 dalali hutakiwa pia kuwa na dhamana ya dola 75,000, na dhamana hiyo yaweza kuonekana humo humo. Halafu hufanya jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Haipigi namba aliyopewa na mtu wa kwenye simu, bali huchukua namba iliyoandikwa katika daftari la serikali, huipiga, na kuuliza kama wanamfahamu yule aliyesema naye. Tapeli aliyeiba jina hunaswa hapo.

Kuhusu malipo, desturi njema ni kumlipa dalali sehemu ndogo tu, tena baada ya lori kupatikana, na salio hupewa dereva motokaa ifikapo. Atakaye pesa zote kabla ya kutaja jina la mchukuzi na aachwe.

Kuhusu bima pana mtego. Sheria humlazimisha mchukuzi wa malori makubwa ya namna hii kuwa na bima isiyopungua dola 750,000, na mtu asikiapo hesabu hiyo moyo wake hutulia. Lakini bima hiyo ni kwa ajili ya watu wengine na mali zao barabarani, wala haihusu motokaa iliyo juu ya lori. Bima ya mizigo ni nyingine, na tangu mwaka 2011 serikali haiwalazimishi wachukuzi wa kawaida kuwa nayo. Kwa hiyo kijana huomba hati ya bima ya mizigo, husoma kiasi chake, na kuipigia simu kampani ya bima yenyewe ili ajue kama ingali hai.

Sasa motokaa hutayarishwa. Huoshwa kwanza, maana uchafu huficha mikwaruzo. Petroli huachwa robo ya tangi tu, kwa kuwa petroli nyingi ni uzito bure. Vitu vyote huondolewa. Wengine hushawishika kujaza buti kwa sufuria, blanketi na televisheni, wakidhani wamepata lori la kuhamia kwa bei ya bure. Vitu hivyo havina bima, huongeza uzito, na huwaita wezi wapitao usiku katika vituo vya malori. Kile kidude kibandikwacho kwenye kioo cha mbele kwa kulipia barabara za ushuru nacho hubanduliwa. Katika jimbo la Massachusetts barabara namba 90 ni ya kulipia, na mitambo iliyo juu ya barabara haijui kama motokaa yatembea au imebebwa. Pengine husoma kidude na kumtoza mwenye motokaa aliyelala nyumbani. Wakati wa baridi ni lazima pia kuhakikisha kwamba maji ya rejeta yametiwa dawa ya kuzuia barafu, la sivyo huganda na kupasua injini.

Siku ya kupakia, dereva hupiga simu kusema hawezi kuingia mtaani. Kijana asidhani amedharauliwa. Malori makubwa ya kazi hii huwa na urefu upatao mita 24, mbali na pua za motokaa zitokezazo mbele na nyuma, na mitaa ya Lowell ilijengwa zamani, ni myembamba, yenye miti na nyaya. Hukutana katika uwanja mpana wa maduka. Hapo mtu huona kazi ya ajabu. Lori hubeba motokaa nane au tisa, nyingine chini, nyingine juu, na moja juu ya kichwa cha dereva. Uzito wote, lori pamoja na mzigo, usizidi ratili 80,000, yaani kilo 36,000 hivi, na katika majimbo ya mashariki urefu wa kwenda juu hauzidi mita 4.1 hivi, kwa ajili ya madaraja. Kwa hiyo dereva hupanga kama mwashi apangavyo mawe. Ndefu hapa, fupi pale, hii kinyumenyume ili pua yake iingie chini ya nyingine. Motokaa za umeme zimeongeza taabu, maana betri zake ni nzito, na lori lililojaa hizo hulazimika kuchukua chache. Magurudumu hufungwa kwa mikanda mmoja mmoja. Walio na motokaa za thamani kubwa hutumia malori yaliyofunikwa pande zote, kwa bei kubwa zaidi. Muuguzi wa miaka sita hana haja ya hayo. Mvua na vumbi la njiani havitamdhuru kuliko maegesho ya hospitali.

Kabla motokaa haijapanda, dereva na mwenyewe huizunguka pamoja, wakiandika kila mkwaruzo na kila mahali palipobonyea katika hati ya mizigo. Kijana hupiga picha pande zote nne, paa, magurudumu, na namba ya maili iliyomo ndani. Hulipiga picha lori pia, hasa mlangoni, kwa sababu sheria hutaka jina la mchukuzi na namba yake ya serikali viandikwe ubavuni. Jina la mlangoni likiwa silo lililo katika hati, ufunguo hautolewi.

Hati hiyo ya mizigo haifai kudharauliwa, ijapokuwa huonekana kama karatasi ya kawaida yenye picha ya motokaa. Tangu mwaka 1906 sheria ya Marekani humfanya mchukuzi avukaye majimbo awajibike kwa mali iliyoharibika mikononi mwake, hata kama mwenye mali hawezi kuthibitisha ni uzembe wa nani. Lakini mwenye mali lazima aonyeshe mambo mawili, kwamba aliitoa nzima, na kwamba aliipokea imeharibika. Ushahidi wa yote mawili umo katika hati, sahihi ya mwanzo na sahihi ya mwisho. Mchukuzi hawezi kumwekea muda wa kudai ulio chini ya miezi tisa, wala muda wa kwenda mahakamani ulio chini ya miaka miwili tangu dai lilipokataliwa kwa maandishi.

Lori huondoka, na kijana hupanda ndege. Angani atatumia saa sita hivi. Dereva hawezi kufanya haraka hata akitaka. Sheria humruhusu kuendesha saa 11 tu, tena ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10, na tangu Desemba 2017 saa hizo huandikwa na chombo cha umeme kilichofungwa garini, wala si kwa kalamu kama zamani, ambapo madereva wengine walikuwa na madaftari mawili. Tena lori halitoki Boston mpaka Seattle moja kwa moja. Laweza kushusha motokaa Cleveland, kupandisha mbili Chicago, na kungoja mtu wa tatu aliyechelewa. Kwa hiyo ahadi ya kufika siku fulani saa fulani si ahadi ya mtu wa kweli. Dereva mwaminifu husema siku saba mpaka kumi na mbili, kisha hutazama mbingu.

Mbingu zina haki ya kutazamwa. Baada ya nyanda za South Dakota huja milima ya Wyoming na Montana, na karibu kabisa na mwisho, ipo njia ya mlimani iitwayo Snoqualmie. Kimo chake ni mita 921 tu, ambacho kwa mtu wa Limuru si kitu, lakini theluji yake ni nzito, na malori huamriwa kufunga minyororo magurudumuni. Pengine njia hufungwa saa nyingi, na wenye haraka na wasio na haraka hungoja pamoja.

Mtu wa Kenya aweza kuuliza kwa nini kijana asiitie motokaa ile merikebuni, ije Mombasa, naye anunue nyingine huko. Usukani wake uko kushoto, na nchini Kenya motokaa ya namna hiyo haiandikishwi kwa matumizi ya kawaida ya mwananchi. Tena Kenya haipokei motokaa iliyotumika ikiwa imepita miaka minane. Ndiyo sababu malori ya namna hii yaonekanayo yakipanda kutoka Mombasa hubeba zaidi motokaa za Japani, ambazo usukani wake uko kulia.

Siku ya kumi na moja, Jumamosi jioni, simu yalia Seattle. Lori limesimama katika uwanja wa duka kubwa, mvua yanyesha, na giza limeingia. Dereva ana motokaa nyingine tatu za kushusha usiku ule. Aishusha, atoa karatasi, asema, "Tia sahihi hapa, Bwana, kila kitu ni salama."

Hii ndiyo dakika ambayo safari yote hutegemea. Mtu mpole, aliyefundishwa asiwacheleweshe wengine, hutia sahihi na kushukuru. Kesho yake, jua litokapo, aona mlango umebonyea, na hati ina sahihi yake mwenyewe kwamba ameipokea nzima. Kijana wetu si mkali, lakini amekuja na tochi. Aizunguka polepole, picha za Lowell zikiwa mkononi. Chumvi ya barabarani imeifunika motokaa kama chokaa. Apangusa kwa kitambaa. Juu ya gurudumu la nyuma la kushoto akuta mbonyeo wa ukubwa wa kiganja, na rangi imetoka. Katika picha za Lowell haupo.

Dereva asema ni kitu kidogo, kampani yake itatengeneza, hakuna haja ya kuandika. Kijana ajibu kwa adabu kwamba kama kampani itatengeneza, basi haitadhurika kwa kuandikwa. Aandika mahali, ukubwa, tarehe na saa, apiga picha tena, na wote wawili watia sahihi. Kisha alipa salio kama walivyopatana, kwa kuwa mbonyeo haumpi ruhusa ya kuzuia nauli ya mtu aliyeendesha lori kutoka bahari hata bahari.

Injini yaguruma mara ya pili. Siku ya pili yake, Jumapili, mkewe aiosha chumvi, naye aandika barua ya dai, aitia nakala ya hati na picha nne, na kuipeleka kwa mchukuzi. Jumatatu, kabla ya mapambazuko, motokaa yasimama katika uwanja wa hospitali, gurudumu la nyuma la kushoto likiwa upande wa taa.